Chumba cha Giza: Nusu ya albamu giza, nusu imepauka

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mpiga picha wa harusi hapa Kiboriloni, Moshi. Mwezi uliopita nilikabidhi albamu ya kurasa 40. Kwenye laptopu yangu picha zilikuwa safi kabisa, bibi harusi mwenyewe alikaa pembeni yangu akazipitisha moja moja. Albamu iliporudi kutoka labu, za kanisani zote giza. Suti ya bwana harusi imekuwa doa jeusi, huoni kola wala kifungo. Za ukumbini nazo zimepauka, shela limeungana na ukuta. Labu wanasema wamesafisha kilekile nilichowapelekea. Familia wamegoma kumalizia laki mbili iliyobaki. Niwabane labu, au nikubali tu ninunue kompyuta nyingine?
Mpiga picha, Kiboriloni

JIBU: Marahaba mwanangu. Labu waache, na hiyo hela ya kompyuta irudishe ulikoitoa.

Wasomaji wengine hawakuwepo, kwa hiyo nawasimulia. Nilipopata ujumbe wako nilikuita uje na vitu vinne: albamu, laptopu, chaja yake na kamera. Ulikuja Jumanne saa tisa alasiri, jua limeshazunguka nyuma ya nyumba na baraza lina kivuli kizuri. Nikakukataza kufungua laptopu. Kila anayeniletea kesi ya namna hii huweka skrini na picha bega kwa bega, kisha huanza kuilaumu picha. Mimi huitazama picha peke yake kwanza.

Tukafungua ukurasa wa bwana harusi mlangoni pa kanisa. Pale barazani lile doa jeusi lilikuwa na kola. Lilikuwa na vifungo viwili, na mshono wa bega ukiufuata kwa kidole. Ukaniambia, "Mama, mbona nyumbani sikuuona?" Tukaingia sebuleni kwangu, mapazia yamefungwa, taa moja darini. Mshono ukapotea, kola ikapotea. Tukatoka, vikarudi. Tuliingia na kutoka mara tatu mpaka mjukuu wangu akauliza tumepoteza nini.

Picha ya karatasi haina taa ndani yake. Inakopa mwanga wa mahali ilipo, inaurudisha machoni pako ukiwa umepungua. Skrini inawaka yenyewe, iwe mchana iwe usiku wa manane. Sasa tukitaka hivi viwili vifanane, lazima tujue kila kimoja kinatoa mwanga kiasi gani, na hapo ndipo kamera yako ilipofanya kazi ambayo hukuwahi kuituma.

Fanyeni hili wenyewe leo jioni. Weka kamera kwenye manyuo (M), ISO 100, tundu f/4, upimaji wa nukta ya katikati. Jaza skrini nzima rangi nyeupe tupu, faili lolote jeupe linatosha. Sogea karibu mpaka weupe ujae kwenye kamera yote, lenzi ivurugwe fokasi kidogo, kisha zungusha kasi ya shata mpaka mshale wa kipimo usimame kwenye sifuri. Ukisoma 1/50, skrini yako inatoa takriban kandela 100 kwa kila mita ya mraba; kandela ndicho kipimo cha ukali wa mwanga unaotoka. Ukisoma 1/60 ni kama 120. Kamera hazilingani kwa usahihi wa mzani wa dhahabu, lakini kwa kazi hii zinatosha.

Laptopu yako ilisoma 1/160. Hiyo ni kama kandela 320. Nikachukua karatasi nyeupe ya printa, nikaiweka juu ya meza ya sebuleni chini ya ile taa, tukapima vilevile: 1/15. Kandela 30. Yaani weupe wa skrini yako ulikuwa zaidi ya mara kumi ya weupe wa karatasi ambayo familia wangeitazama nyumbani kwao usiku. Sasa mtu aliyekaa mbele ya taa ya namna hiyo anahariri picha ya kanisani. Inamuumiza macho, anaona imewaka mno, anaipunguza. Anaipunguza tena. Kwake inapendeza, suti ina kila kitu, kwa sababu skrini inasukuma mwanga mpaka kwenye weusi. Faili lenyewe limekwisha kuwa giza na yeye hana habari.

Hapo umeelewa kanisani. Ukumbini palinichukua muda zaidi, na nakiri nilianza kwa kubahatisha vibaya. Nilidhani ni flashi. Kisha nikakuomba upange faili kwa saa ya kuhifadhiwa. Za kanisani zote zilihifadhiwa kati ya saa moja na saa tatu kasoro dakika kumi usiku. Halafu kimya cha nusu saa. Ya kwanza ya ukumbini ni saa tatu na dakika ishirini. Nikakuuliza hiyo nusu saa ulikuwa wapi, ukacheka: umeme ulikatika, ulienda kuazima taa ya kuchaji kwa jirani.

Tukachomoa chaja. Skrini ikafifia yenyewe mbele ya macho yetu, kamera ikasoma 1/25, kandela 50. Uliendelea na kazi kwenye skrini iliyopungua mara sita, na taa ya jirani, nyeupe kali, imesimama juu ya meza imekuelekea usoni. Kila picha ukaiona giza. Kila picha ukaipandisha. Shela likaungana na ukuta. Tena laptopu nyingi zenye chipu ya michoro ya Intel zina utaratibu wa kubana betri unaobadilisha mwanga na kontrasti kufuata picha iliyopo kwenye skrini, kwa hiyo hata hizo kandela 50 hazikutulia. Uzime kwenye mipangilio ya michoro. Kazi ya rangi ifanyike chaja ikiwa imechomekwa. Umeme ukikatika, hifadhi, funga, kalale.

Sasa tusawazishe. Watu wakisikia kusawazisha skrini hukimbilia rangi: nyekundu imezidi, kijani imepungua. Mimi nasema anza na mwanga, kwa sababu katika kesi kumi ninazoletewa, nyingi huishia hapo hapo na rangi haiguswi.

Chagua meza moja, isiangalie dirisha wala kulipa mgongo, na uifanye kituo chako. Juu yake weka taa ya kutazamia picha. Kiwango cha kimataifa cha kutazama picha na chapa, ISO 3664, kinatumia mwanga wa D50, yaani mweupe kama wa mchana, karibu na kelvini 5000 (kipimo cha rangi ya mwanga), na kinataja luksi 2000 (kipimo cha mwanga unaoangukia mezani) kwa ukaguzi mkali na luksi 500 kwa kutazama kwa kawaida. Luksi 2000 wachie wenye viwanda vya kuchapa. Karatasi nyeupe chini ya luksi 500 hurudisha kama kandela 140. Chini ya luksi 400 hurudisha kama 115. Ukiipata taa ya luksi 400 mezani, na skrini ukaishusha mpaka kamera isome 1/50 au 1/60, vitu viwili vimekutana katikati ya njia. Simu nyingi za Android zina kihisi cha mwanga, na zipo programu za bure za kusoma luksi. Si kipimo cha mahakama, lakini kitakuonyesha kama una 80 au 400.

Siku ya kwanza utachukia. Skrini itaonekana mbovu, imekufa, utataka kuipandisha. Vumilia dakika kumi na tano, macho yatazoea.

Ukishashusha mwanga, washa skrini nusu saa kabla ya kuendelea, ipate joto na kutulia. Kisha nenda kwenye kisanduku cha kutafutia cha Windows, andika dccw, bonyeza Enter. Utafunguka msaidizi wa kusawazisha uliomo humo humo ndani ya Windows, bure, na ajabu ni kwamba wapiga picha wengi wa harusi hawajawahi kuuona wakati ndani yake kuna bwana harusi! Kwenye hatua ya mwangaza atatokea mwanamume wa suti nyeusi amevaa shati jeusi, nyuma yake kuna alama ya X iliyojificha gizani. Unatakiwa uone tofauti ya shati na suti, na X uione kwa shida. Ukiiona X waziwazi, umezidisha mwangaza. Usipoiona suti, umepunguza mno. Kwenye hatua ya kontrasti ni shati jeupe: mikunjo na vifungo vionekane. Laptopu nyingi hazina kitufe cha kontrasti, basi ruka. Hatua ya gama, yaani jinsi mwanga unavyopanda kutoka weusi hadi weupe, ina vidoadoa katikati ya miduara, unasogeza mpaka vififie. Ya mwisho ni mistari ya kijivu, na hapo ndipo pa kuwa na adabu: ikiwa kijivu kinaonekana kijivu, usiguse. Tulifanya yote haya na wewe barazani, ukabaki unamtazama yule bwana wa suti kama shemeji yako.

Laptopu yako ina kioo cha bei ya chini, aina ya TN. Ukiinua kichwa weusi unapauka, ukiinama unakolea. Kwa hiyo weka kigoda cha urefu uleule kila siku, na uinue kioo mpaka kijivu cha juu na cha chini vilingane. Nilikuambia uweke alama ya kalamu kwenye bawaba, ukadhani natania. Sitanii.

Halafu rudi labu na picha tano, si arobaini. Chagua suti nyeusi, shela jeupe, uso wa mtu mweusi tititi, uso wa mtu maji ya kunde, na ua lolote la rangi kali. Waambie wasirekebishe chochote, mashine izisafishe kama zilivyo. Zikirudi, zitazame chini ya taa yako ya mezani, skrini ikiwa pembeni, na ndipo uamue. Zikiwa giza kidogo zote, shusha skrini kidogo zaidi. Ikiwa moja tu imekosea, skrini iache, rekebisha picha. Nimeona watu wanaikunja skrini nzima imfuate bibi harusi mmoja, na harusi inayofuata wanaanza upya.

Na hapa niseme jambo ambalo vijana hamlijui kwa sababu hamkulikuta. Nilisimama mbele ya mashine ya kusafishia picha mjini Moshi tangu enzi za filamu. Kila asubuhi kabla ya mteja wa kwanza mashine ilitoa ukanda wa vipande vya rangi na kijivu, tukaurudisha isome, ijisahihishe. Kisha kila negativu niliyoiona nilikuwa na vitufe vinne chini ya vidole: sayani (bluu-kijani), majenta (waridi-zambarau), njano na uzito, yaani giza la picha nzima. Mpiga picha aliyeunguza alinikuta, aliyepiga giza alinikuta. Kosa lako nilikuwa nalificha mimi, na ulikuwa unaondoka unajiona bingwa. Siku hizi unaleta faili, faili linapita kama lilivyo. Labu wakikwambia wamesafisha ulichowaletea, hawakutukani.

Lakini hata sisi wa mashine tulidanganyika. Kuna mahali nilifanya kazi, tajiri akaamua kupaka chumba chetu kijani, kijani kile cha majani ya mgomba. Ukuta ukawa unarusha kijani chake juu ya kila picha niliyoishika. Nikaona nyuso zina kijani, nikaongeza majenta. Ubatizo wa wiki mbili nzima ulitoka na watoto wekundu kama waliokaa juani, na mimi ndiye niliyekuwa nawaambia wateja kuwa ni joto la kanisani. Tulipaka upya, rangi ya kijivu hafifu. Kwa hiyo ukuta ulio nyuma yako na ulio mbele yako, hata shati ulilovaa, vimo kwenye kazi. Shati jekundu livae siku nyingine.

Kuhusu laki mbili: rudia albamu kwa gharama yako, wapelekee mchana, waifungulie barazani.

SWALI: Dada, habari za Moshi? Niko Sakina, Arusha, nina studio ndogo ya picha za kipaimara na mahafali. Nyuso zote kwenye karatasi zinatoka za bluu, kama watu wana baridi ya Julai. Skrini yangu ni mpya na ni nzuri, nilishauriwa na fundi. Nahariri usiku baada ya watoto kulala.
Mwenye studio, Sakina

JIBU: Nzuri mdogo wangu, poleni na baridi.

Jibu liko kwenye sentensi yako ya mwisho. Windows ina hali ya usiku ambayo jua likizama inaigeuza skrini kuwa ya njano, ili usingizi usipotee. Ukiwa na Mac au simu ya Apple, kuna ndugu zake wawili: ile ya usiku, na ile inayofuata rangi ya taa ya chumba. Wewe unaona uso umekuwa wa njano, unaongeza bluu mpaka unapendeza. Asubuhi njano ya skrini inaondoka, bluu yako inabaki kwenye faili na kwenda labu. Zima zote. Kama mtu amekuwekea programu ya f.lux, nayo izime. Kisha usihariri upya picha zote. Fungua moja, tazama kipimo cha joto la rangi ulikisogeza kiasi gani, irudishe, ukipendezwa irushie hiyo tofauti kwa kundi zima.

Na monita za mezani zina hali zilizopangwa kiwandani: ya sinema, ya michezo, ya kusoma. Weka kwenye sRGB kama ipo. Ndiyo lugha ambayo labu nyingi zinaitegemea. HP na Microsoft waliitoa 1996, na mpaka leo ndiyo inayoelewana na karibu kila mashine. Adobe RGB ya 1998 ni pana zaidi, lakini ukipeleka faili lake mahali wasipoisoma profaili (maelezo ya rangi yanayosafiri na faili), rangi zitatoka zimechujuka kama kanga ya mitumba.

SWALI: Shikamoo. Mimi ni mwalimu, Machame, napiga picha za kwaya. Kwaya yetu ina sare ya kitenge cha bluu ya umeme, ile inayong'aa. Kwenye kompyuta ni bluu hasa. Kwenye picha ni zambarau. Mwenyekiti wa kwaya anasema nimewabadilishia sare.
Mwalimu, Machame

JIBU: Marahaba mwalimu. Mwambie mwenyekiti aiweke bluu ile kwenye karatasi yeye mwenyewe.

Skrini inatengeneza rangi kwa kuwasha taa ndogondogo nyekundu, kijani na bluu. Karatasi inatengeneza bluu kwa kulaza sayani na majenta pamoja, zinyonye mwanga, kinachobaki ndicho unachokiona. Kuna bluu ambazo taa inaziweza na rangi za karatasi haziziwezi. Mashine ikiletewa bluu ya namna hiyo inatafuta jirani wa karibu, na jirani wa karibu mara nyingi ana majenta nyingi. Hapo hakuna kusawazisha kutakakokusaidia. Hata skrini ya mamilioni, iliyopimwa jana, itaendelea kukuonyesha bluu ambayo haichapiki.

Unachoweza ni kuiona aibu kabla ya kulipa. Waombe labu profaili ya karatasi yao, ni faili dogo la ICC linaloeleza rangi ambazo karatasi hiyo inaziweza. Ukishaliweka, kwenye Photoshop chagua profaili hiyo kwenye mipangilio ya hakiki ya chapa, bonyeza Ctrl na Y, picha itageuka kuonyesha itakavyotoka. Ukibonyeza Shift, Ctrl na Y, sehemu zisizochapika zitafunikwa kijivu. Usishtuke kwaya nzima ikifunikwa. Lightroom nayo ina hakiki hiyo kwenye ukurasa wa kuhariri. Chagua bluu peke yake, punguza ukali wake kidogo kidogo, isogeze kuelekea sayani kwa nukta chache, kijivu kikianza kuondoka simama. Kitenge hakitang'aa, lakini kitakuwa bluu.

Wanaopiga picha za Wamasai wa huko Monduli na Longido wana tatizo hilihili upande wa nyekundu, tena baya zaidi: shuka linageuka bapa moja lisilo na nyuzi wala mistari. Mkondo wa nyekundu umejaa mpaka juu, hakuna nafasi ya kuonyesha mkunjo. Punguza ukali wa nyekundu kabla ya kupunguza mwanga; nyuzi zitarudi.

SWALI: Mama, tupo wapiga picha sita hapa Kaloleni, Arusha, tuna mchezo wetu wa kila mwezi. Tunataka pesa za zamu moja tununue kile kidude cha kupima rangi za skrini. Je, tununue kimoja au kila mtu chake? Na mwenzetu ameletewa cha zamani kutoka nje, anataka kutuuzia.
Kikundi, Kaloleni

JIBU: Nimefurahi. Nunueni kimoja. Kinawekwa juu ya kioo, programu inapitisha rangi chini yake, inapima, inaandika profaili, basi, kinahamia kompyuta nyingine. Kompyuta sita ni kazi ya jioni moja. Datacolor wanatengeneza Spyder, Calibrite wanauza vile vilivyokuwa vya X-Rite. Kwa kazi yenu sioni cha kugombania. Someni tu masharti ya programu yake kama inaruhusu kompyuta zote sita. Kama hairuhusu, ipo DisplayCAL, ni ya bure, imejengwa juu ya ArgyllCMS na inavielewa vipimo vingi.

Cha zamani cha mwenzenu, mkwepeni kwa upole. Vichujio vya rangi vya vipimo vya zamani huchakaa kwa miaka na unyevu, na kipimo kilichochakaa hakisemi kimechakaa; kinakupa jibu kwa ujasiri uleule.

Programu ikiwauliza malengo, jazeni hivi: weupe D65 (una bluu kidogo kuliko D50), gama 2.2, mwanga kati ya kandela 100 na 120. Wapo watakaowaambia weupe uwe D50 kwa kuwa ndio wa kutazamia picha. Mimi nimejaribu kwenye laptopu za kawaida: skrini inakuwa ya njano, inapoteza rangi, na jicho linazoea D65 bila ugomvi. Mwenye monita nzuri ya mezani ajaribu, asipoipenda arudi. Rudieni kupima kila mwezi, siku ya mchezo ndiyo siku ya kupima, hapo hamtasahau. Na mpimie mahali mtu anapofanyia kazi, taa yake ileile, si kukusanya laptopu zote ofisini kwa mwenyekiti.

SWALI: Rafiki yangu ana laptopu ya aina ileile na yangu. Yeye amepima, amenitumia faili lake la ICC. Niliweke?
Msomaji, Himo

JIBU: Usiliweke. Vioo viwili vya kiwanda kimoja na mwezi mmoja havifanani, na chake kimezeeka kwa saa tofauti na chako. Ni kama kuvaa miwani ya jirani kwa kuwa mmezaliwa mwaka mmoja. Mwambie akuazime kipimo.

SWALI: Mimi si mpiga picha, ni mteja. Picha ya ubatizo wa mjukuu wangu ilikuwa nzuri studio, nikaitia fremu. Nimeitundika sebuleni, imekuwa ya njano, na gauni la mtoto lilikuwa jeupe pe. Nimeirudisha mara mbili, wanaisafisha upya, inarudi ileile. Wananiona msumbufu.
Bibi, Rau, Moshi

JIBU: Mwenzangu, si wewe na si wao. Ichukue fremu, toka nayo mlangoni asubuhi, tazama gauni. Likiwa jeupe, mwenye kosa ni balbu. Zile za mwanga wa joto, zilizoandikwa 2700K au 3000K kwenye boksi, ni tamu kwa kulia chakula lakini zinampaka kila mtu manjano, na ukuta wa krimu unaongeza. Nunua moja ya 5000K, na kama boksi limeandika Ra au CRI, yaani uaminifu wa balbu kwa rangi, chukua ya 90 kwenda juu. Iweke kwenye taa iliyo karibu na fremu, nyingine ziache. Ukishindwa kuipata ya 5000, ya 4000 itasaidia. Ila usiihamishie ukuta unaopigwa na jua la jioni, maana hapo gauni litakuwa jeupe kweli, na baada ya miaka michache na mtoto naye.